Bibi, mama na mjukuu mbele ya jukwaa moja: onyesho gani la muziki linafaa familia nzima?

Msimu umefika. Mahindi yamepukuchuliwa, maharage yamepata wanunuzi, na barabara za vijijini zimekauka. Magari ya matangazo nayo yameanza kuzunguka, kutoka Sumbawanga mjini hadi Laela, Matai na Namanyere. Kila gari lina spika juu, na maneno ni yale yale: njoo na familia yako, burudani ya rika zote.

Mwaka jana mwenzetu mmoja hapa kituoni aliitikia tangazo la namna hiyo. Alimtoa mama yake kijijini, akamchukua mke wake na watoto watatu, wakaja mjini. Tangazo lilisema onyesho linaanza saa 10 jioni. Jukwaa lilibaki tupu hadi saa 3 usiku, mwezi wa Julai, baridi ya Ufipa ikipenya kwenye vitenge na makoti. Mtoto mdogo alishalala mapajani mwa bibi yake.

Muziki ulipoanza, wimbo wa pili tu ulimfanya mwenzetu ainamishe kichwa. Kulia kwake ameketi mama yake mzazi. Kushoto yuko binti yake wa miaka 14. Na mwimbaji anaeleza mambo ya chumbani kwa maneno yasiyohitaji mkalimani. Hakuna aliyesema kitu. Baada ya dakika kumi bibi akasema baridi imemzidi, waondoke. Wote walijua kwamba si baridi.

Hesabu ya usiku ule ilikuwa hivi: nauli ya watu sita, viingilio sita, chakula, na vyumba vya kulala wageni kwa sababu gari la kurudi halikuwapo. Thamani ya gunia zima la mahindi iliishia pale. Na kilichomuuma zaidi mwenzetu si gunia. Ni kwamba ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi familia yake yote kutoka pamoja, na walirudi kila mtu akitazama njia.

Kwa hiyo tumeona tulichambue jambo hili. Wengi wenu mtaombwa fedha za kiingilio msimu huu. Mtajuaje kwamba onyesho linafaa bibi, mama na mjukuu kwa pamoja?

Je, kosa ni la muziki wa siku hizi?

Jibu la haraka ni kusema kwamba muziki wa siku hizi umeharibika, na wa zamani ulikuwa safi. Sisi hatukubaliani na jibu hilo moja kwa moja.

Wazee wetu hawakuwa watu wasiojua mambo. Katika makabila mengi ya nchi yetu, nyimbo za kumfunda mwari na nyimbo za harusini zilitaja mambo waziwazi kuliko wimbo wowote unaopigwa redioni leo. Lakini nyimbo hizo zilikuwa na mahali pake na watu wake. Mwari alifundwa na shangazi au bibi, si mbele ya baba yake. Walioimba walijua nani yuko ndani ya nyumba na nani yuko nje.

Tena kuna jambo ambalo waandaaji wa maonyesho hulisahau. Kwetu babu, bibi na wajukuu wana utani. Bibi anaweza kumwita mjukuu wake "mume wangu" na wote wakacheka. Heshima nzito na haya ziko kati ya mzazi na mtoto, na zaidi kati ya mtu na wakwe zake. Usiku ule, bibi na mjukuu wangekuwa wawili peke yao huenda wangeucheka wimbo ule na kuusahau. Aliyebanwa ni yule wa katikati, ambaye ni mtoto kwa huyu na mzazi kwa yule.

Hapo ndipo penye kiini cha suala hili. Wimbo ule ule unaweza kufaa kwa kundi moja na kuleta fedheha kwa kundi jingine, kutegemea nani ameketi karibu na nani. Anayechagua onyesho kwa ajili ya familia hachagui nyimbo tu. Anachagua pia nani atakaa na nani kuzisikiliza.

Zamani jukwaa lilipangwaje?

Wenye umri wa kutosha wanakumbuka vikundi vikubwa vya sanaa vya miaka ya 1980 na 1990. Muungano, chini ya Norbert Chenga, na Tanzania One Theatre, yaani TOT, kilichoanzishwa mwaka 1992 na kuongozwa na Kapteni John Komba, vilikuwa na mtindo mmoja wa kupanga onyesho. Jioni moja ilikuwa na ngoma za makabila mbalimbali, sarakasi, maigizo, kwaya, taarabu na dansi. Vikundi vyenyewe vilikuwa na ushindani mkali, na si kila kilichotokea jukwaani kilikuwa cha kufundishia watoto. Taarabu ya mipasho ilikuwa mipasho kweli.

Lakini mpangilio ule ulikuwa na faida moja kubwa. Kila aliyekuja alijua kwamba zamu yake itafika. Mtoto alisubiri sarakasi, mzee akasubiri ngoma, mama akasubiri taarabu. Na wakati kila mmoja akisubiri cha kwake, alikiona cha mwenzake.

Leo jukwaa limegawanyika. Onyesho la bongo fleva ni la vijana, tamasha la injili ni la waumini, ngoma za asili zinaitwa siku kiongozi anapopokewa, kisha zinaambiwa zipishe hotuba. Mwandaaji anamlenga kijana mwenye simu kwa sababu kijana huyo ameshausikia wimbo kabla msanii hajafika. Kumleta bibi ni gharama: anataka kiti, anataka kuanza mapema, na hanunui soda tatu.

Na sisi wa redio hatuwezi kujitoa katika lawama hii. Tazama ratiba za redio nyingi, ya kwetu ikiwamo: kwaya alfajiri, bongo fleva mchana, zilipendwa usiku. Tumezoea kumpa kila rika saa yake na kulifungia mlango rika jingine.

Kijiji kilichojenga jukwaa lake

Kuna mfano mmoja wa jirani zetu Kenya ambao unafaa kukumbukwa. Mwaka 1977, katika kijiji cha Kamirithu karibu na Limuru, wakulima, vibarua wa mashamba ya chai na wafanyakazi wa kiwandani walitayarisha mchezo wa kuigiza wenye nyimbo na ngoma nyingi. Waandishi wake walikuwa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, na mchezo uliitwa Ngaahika Ndeenda, ambao kwa Kiswahili unajulikana kama Nitaolewa Nikipenda. Wanakijiji wenyewe walijenga jukwaa la wazi lenye nafasi ya watazamaji zaidi ya 2,000.

Mazoezi yalifanyika hadharani. Mtu yeyote aliyepita aliweza kusimama, kutazama na kusahihisha. Wazee waliwaambia waandishi waziwazi pale walipokosea: mzee hasemi hivi, wimbo huu hauimbwi hivi. Sehemu ya kuimbiana kwenye harusi ilitokana na mafunzo ya mama mmoja mzee wa hapo hapo kijijini, ambaye hakujua kusoma wala kuandika. Vijana walijifunza kwake.

Mchezo ulianza kuonyeshwa Oktoba 1977. Watu walikuja na watoto wao na wazazi wao. Haukudumu: serikali ya wakati ule iliufutia kibali mwezi wa Novemba, na Desemba 31 Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa na kuwekwa kizuizini. Mwaka 1982 jukwaa lenyewe lilibomolewa. Mchezo huo ulirudi jukwaani Nairobi mwaka 2022, na walioutazama ni pamoja na watu ambao hawakuwa wamezaliwa wakati ule.

Kwa nini mfano huu unatuhusu? Kwa sababu mchezo wa Kamirithu haukuwa mtulivu. Ulizungumzia ardhi, ujira, matajiri, na binti aliyepewa mimba na mtoto wa tajiri. Haya si mambo laini. Hata hivyo vizazi vitatu viliutazama pamoja, kwa kuwa kila kizazi kilikuwa na mtu wake jukwaani na sauti yake ndani ya hadithi. Onyesho la familia si lazima liwe lile ambalo halimkwazi mtu yeyote. Ni lile ambalo hakuna mtu aliyeletwa kama mzigo.

Ufipa tuna nini?

Tuna vingi kuliko tunavyodhani. Tuna kwaya. Katika uwanda huu, ambako misheni za Kikatoliki zina historia ndefu, ni nadra kukuta kigango kisicho na kwaya, na ndani ya kwaya moja unaweza kumkuta mama, binti yake na mpiga kinanda ambaye ni mjukuu wa mtu. Tuna ngoma, kama nsimba ya Wafipa, na ndugu zetu Wamambwe na Walungu wa upande wa Kalambo wana za kwao. Bonde la Rukwa lina Wasukuma waliohamia na mifugo yao, ambao wanatoka katika utamaduni wa vikundi vya ngoma kushindana baada ya mavuno. Na tuna shule zenye walimu wanaoweza kuandaa igizo.

Katika maigizo, wataalamu wetu walishatayarisha njia. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Mathias Mnyampala aliieneza ngonjera, na shule zikaifanya kuwa sehemu ya kila sherehe. Penina Muhando aliandika Nguzo Mama, iliyotoka mwaka 1982, ambamo Bi Msimulizi anawasimulia watazamaji habari za wanawake wa kijiji cha Patata wanaojaribu kuisimamisha nguzo. Msimulizi wa namna hiyo bibi wa kijijini anamfahamu mara moja, kwa sababu ndivyo yeye mwenyewe anavyosimulia jikoni. Na siku hizi Mrisho Mpoto anapanda jukwaani miguu mitupu na kughani juu ya ala za asili, na maneno yake mzee anayatafakari huku kijana akicheza mdundo.

Kuna hasara inayokuja polepole ikiwa tutaviacha hivi. Watoto wengi wa mjini Sumbawanga wanakielewa Kifipa nusu nusu. Wimbo ni mahali pepesi pa kuipata lugha, kwa sababu mtoto huukariri kabla hajaelewa maana, kisha humuuliza bibi: neno hili maana yake nini? Lakini hawezi kuuliza swali la wimbo ambao hajawahi kuusikia akiwa na bibi yake.

Maswali matano kabla ya kulipa

La kwanza: onyesho linaanza na kuisha saa ngapi kweli? Usiulize gari la matangazo. Uliza mtu aliyehudhuria onyesho la mwandaaji huyo mara iliyopita. Uwanda wa Ufipa uko juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na baridi ya Juni na Julai si ya kumkalisha mzee nje hadi usiku wa manane. Katika kumbi kubwa za New York na London, onyesho la muziki kama The Lion King, lililoanza Broadway mwaka 1997, hutangazwa pamoja na muda wake na umri wa watoto wanaoshauriwa kuja. Hilo halihitaji utajiri. Linahitaji mwandaaji mkweli.

La pili: ni mahali gani? Uwanja wa mpira, ukumbi wa parokia, shule na bustani ya baa ni vitu tofauti. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18, na inamtaka mwenye baa au klabu ya usiku asimruhusu mtoto kuingia. Kwa hiyo tangazo linalosema "familia nzima" na mahali penyewe ni baa, linapingana na sheria kabla hata muziki haujapigwa.

La tatu: nani yuko jukwaani, na anaimba nini? Mtoto wako anaweza kukusaidia hapa. Mwambie akupigie kwenye simu nyimbo tatu za msanii huyo, usikilize mwenyewe. Usitegemee jina la onyesho. Sarafina, mchezo wa nyimbo kutoka Afrika Kusini, unahusu wanafunzi na umejaa nyimbo tamu, lakini unaonyesha pia risasi, mateso na mauaji ya wakati wa ubaguzi wa rangi. Unamfaa mwanafunzi wa sekondari na babu yake, na wanaweza kuuzungumza hadi asubuhi. Haumfai mtoto wa miaka sita.

La nne: ni kwa lugha gani? Kama bibi anafuata Kifipa vizuri kuliko Kiswahili cha mjini, na onyesho zima ni la maneno ya mtaani, utakuwa umemlipia kiti na kumnyima mchezo. Ngoma, sarakasi na vichekesho vya vitendo havina tatizo hilo.

La tano: nani atakaa wapi? Swali hili linaonekana dogo lakini ndilo lililomshinda mwenzetu. Bibi akae na wajukuu, akina mama na wenzao, na mkwe asibanwe katikati. Wazee wetu walilijua hilo kwenye ngoma za kijijini: watu walisimama kwa makundi, na haya ikapata pa kujificha.

Kama hakuna onyesho linalojibu maswali hayo?

Basi kijiji kiandae la kwake. Jumapili mchana, baada ya ibada, watu wakiwa wamevaa vizuri tayari. Kwaya iimbe nyimbo mbili, shule ilete igizo fupi, kikundi cha ngoma kifuate, na kijana wa kijijini mwenye kipaji cha bongo fleva apewe nafasi yake, kwa masharti kwamba bibi yake yupo na anasikiliza. Kiingilio kiwe kwa kaya, si kwa kichwa, ili mwenye watoto saba asiwaache watano nyumbani. Anzeni kwa kumwona mtendaji wa kijiji na Afisa Utamaduni wa halmashauri, maana maonyesho ya hadhara yanahitaji kibali. Afisa huyo ndiye kiungo cha wilaya na Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984. Malalamiko kuhusu onyesho lililotangazwa kuwa la rika zote na likawa jingine yapelekwe kwake pia.

Na tuseme ukweli: si kila onyesho lazima liwe la familia. Vijana wana haki ya usiku wao, kama wazee walivyokuwa na wao. Binti mkubwa anayetaka kwenda kwenye tamasha na wenzake anahitaji kujua anarudi na nani na saa ngapi, zaidi ya kuhitaji bibi pembeni yake. Tunachosema ni kwamba ndani ya msimu mzima, pawe na siku moja ambayo ni ya wote.

Tulimuuliza mwenzetu, baada ya safari ile ya Julai mama yake alisema nini. Alisema alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu, akichambua maharage, akamwambia mwanawe: "Ungeniuliza kwanza ninapenda kuona nini, ningekwambia." Mwenzetu akagundua kwamba hakuwahi kumuuliza. Hata binti yake hakumuuliza.

Mwaka huu ameuliza. Bibi anataka kuona ngoma za upande wa Kalambo, alizoziona mara ya mwisho akiwa msichana. Binti anataka onyesho ambalo anaweza kurekodi kwa simu na kuwaonyesha wenzake bila kupunguza sauti. Inawezekana ni onyesho lile lile. Kabla hujatoa fedha ya kiingilio msimu huu, nawe uliza watu wawili: mkubwa kuliko wote nyumbani, na mdogo anayeweza kukujibu.